Fundi Aliyemshonea Punda

Alikuwa anakupima kabla hajaitikia shikamoo yako. Unasimama mbele ya baraza lake, unaamkia kwa adabu zote, naye kimya. Macho yanaanzia begani, yanashuka kiunoni, yanasita hapo kidogo, yanaendelea mpaka kisiginoni. Ndipo marahaba inakuja, na mara nyingi inakuja na hukumu yake. "Marahaba. Bega la kushoto limeshuka." Au: "Marahaba. Umeongezeka hapa mbele, hiyo suruali inakusitiri kwa huruma tu." Mimi niliambiwa siku ya kwanza nilipohamia Itetemia, pale Tabora, mbele ya watu nisiowajua, kwamba nina mgongo wa mtu anayekaa sana. Nilikuwa na shahada mbili wakati huo. Nilidhani hazionekani.

Sote tulimwita Fundi. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, kwenye msiba wa mumewe, na hata pale watu waligeuza shingo kumtafuta anayetajwa.

Nyumba yake ilikuwa kando ya barabara ya vumbi ambayo wenyeji husema ndiyo iliyokuwa njia ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita Tabora kwenda Ujiji. Sina hakika. Niliandika tasnifu nzima kuhusu njia hiyo, na nilipomaliza nilikuwa na hakika ndogo kuliko nilipoanza, jambo ambalo msimamizi wangu aliliita ukomavu. Siku moja nilimsimulia Fundi habari za wapagazi na pembe za ndovu. Alisikiliza hadi mwisho, uzi ukiwa mdomoni, halafu akauliza, "Sasa wewe ulibeba nini?"

"Mimi sikubeba kitu, Fundi. Niliandika."

"Ndiyo maana," akasema, akarudi kukanyaga cherehani. Mpaka leo sijui ndiyo maana ya nini. Tangu siku hiyo aliniita Msomi, na sikuwahi kusikia neno hilo likitamkwa kwa heshima ndogo kiasi hicho.

Alishona nusu ya harusi za upande wetu wa mji na hakuhudhuria hata moja. "Shela nimeiona kabla ya bwana harusi," alisema, "niende kufuata nini?" Sare za kwaya alishona yeye, na kanisani alikaa benchi la mwisho, si kwa unyenyekevu bali kwa sababu kutoka pale angeweza kuona pindo zote kwa pamoja. Mchungaji alipomuuliza mahubiri yamemgusaje, alijibu kwamba sauti ya tatu wanasimama vibaya na pindo zinawapanda. Alisema hapendi watu. Alisema watu wana kelele, wanachelewa kufuata nguo, na wakija wanataka kukaa. Lakini cherehani yake, ambayo ingeweza kukaa popote ndani ya nyumba yenye vyumba vinne na mtu mmoja, ilikaa barazani, imeelekezwa barabarani, na yeye nyuma yake kama karani wa kituo cha reli anayesubiri treni ambayo ratiba haijaitaja.

Alikuwa na misemo, yote ya kazi. "Pima mwili uliopo," aliwaambia mabibi harusi walioahidi kupungua. "Kitambaa hakidanganyi, mwenye mwili ndiye mwongo." Na mmoja niliousikia mara nyingi kuliko yote, akiuma uzi: "Kifungo changu hakidondoki." Huo haukuwa msemo, ulikuwa taarifa. Koti langu la bluu limechanika bitana, limepauka mgongoni, limetoboka mfukoni, lakini vifungo alivyovishona yeye viko pale pale, na ninaamini siku nikizikwa vitabaki vikinisubiri ufufuo.

Ukitaka kujua alivyobeba huzuni, itabidi nieleze ule msiba. Mumewe alikuwa muuza maji wa mkokoteni, mtu mpole, aliyezungumza zaidi na punda wake kuliko na binadamu. Alipofariki, watani walikuja kama desturi ilivyo. Fundi ni Mnyamwezi, na mtani wake mkubwa pale mtaani ni mzee mmoja wa Kizaramo, mstaafu wa reli, ambaye utani kwake ni wito. Mzee huyo alivaa koti la marehemu, akashika kamba ya punda, akazunguka uani akiigiza mwendo wa marehemu na kuuliza kwa sauti ya marehemu, "Jamani, mbona mmejaa kwangu leo, kuna nini? Kuna pilau?" Watu wakacheka huku wakilia, ambayo ndiyo kazi ya mtani. Fundi alikuwa ameketi kwenye mkeka kati ya wanawake, hajatoa sauti tangu asubuhi. Akanyanyuka. Tukadhani anaenda kumvua yule mzee koti. Akatoa pini kwenye ukosi wa gauni lake, akamsimamisha mtani katikati ya uwanja wa msiba, akamkunjia mkono wa kulia wa koti, akaubana.

"Mume wangu hakuwahi kuvaa mkono unaoning'inia," akasema. "Haya, endelea."

Yule mzee hakuweza kuendelea. Alikaa chini na koti lake lenye pini, akalia kweli.

Punda aliitwa Meneja. Mumewe ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu mnyama huyo alikuwa na tabia ya kusimama katikati ya barabara, mkokoteni nyuma yake, na kufikiri, na hapakuwa na fimbo wala maneno ya kumharakisha mpaka amalize. Baada ya msiba, maji ya bomba yalifika mtaani kwetu, na pale yasipofika palifikiwa na pikipiki za magurudumu matatu. Meneja akastaafu. Fundi alisema mnyama asiyefanya kazi ni hasara, na kwamba atamuuza kwa watu wa Nzega mara tu mvua zikikata. Mvua zilikata mara kadhaa. Meneja akabaki, amesimama kwenye pengo la uzio wa minyaa, kichwa nje barabarani, kama mtu aliyekodi dirisha.

Na hapo ndipo ilipoanzia neema yake na balaa yake. Kila apitaye alimpa kitu. Wanawake waliotoka mashine ya kusaga walimmwagia pumba kiganjani. Watoto walileta maganda ya ndizi na ya viazi. Mtu akinunua maandazi akabakiwa na la jana, la Meneja hilo. Fundi alikuwa anafoka kutoka barazani bila kuinua mguu kwenye cherehani.

"Weee! Hilo si jalala!"

"Tunamsabahi tu, Fundi!"

"Msabahi kwa mdomo, si kwa pumba!"

"Ee, Fundi, na gauni langu limefika wapi?"

"Gauni lako linakusubiri upungue. Mama yako mguu umepona?"

"Anatembea, Fundi. Jana kaenda hadi sokoni."

Hivyo ndivyo habari zote za mtaa zilivyomfikia. Nilikuja kugundua, kwa kuchelewa kama kawaida ya watu wa tasnifu, kwamba hakuna aliyekuwa anakwenda kwa Fundi. Watu walikwenda kwa Meneja, na Fundi akawa jirani. Ukali wake ulimfukuzia wageni wa barazani miaka mingi iliyopita, lakini kwenye pengo la uzio ukali huo huo ulikuwa mchezo, kila mtu alijua zamu yake. Jioni, akiwa ameshatukana watu wa kutosha, alikuwa anafunika cherehani na uso wenye rangi njema.

Kisha, katika mvua za mwaka mmoja, majani yakiwa mabichi na marefu kila mahali, Meneja akaanza kutembea kama mtu anayevuka majivu ya moto. Aliegemea nyuma, akitupa uzito kwenye miguu ya nyuma. Shingo ilikuwa imevimba mafuta yaliyokuwa magumu kama mto wa kochi. Bwana mifugo akaja na pikipiki yake, akainua kwato moja moja, akaziwekea kiganja.

"Mama, huyu hajaumia. Huyu ameshiba."

"Ameshiba ndiyo anachechemea?"

"Majani mabichi, pumba, na kazi hana. Joto linashukia kwenye kwato. Ziguse mwenyewe." Fundi akagusa, akatoa mkono haraka. "Ukimwacha aendelee kula hivi, msimu ujao hatasimama. Na punda asiyesimama, mama..." Hakumaliza. Alisema afungiwe ndani, apewe nyasi kavu kwa kipimo, pumba marufuku.

Fundi akamfungia. Siku za kwanza Meneja alilia kila punda wa majirani walipopita kwenda malishoni ng'ambo ya reli, sauti ile ya kukwaruza inayofika hadi kwangu na kunikatisha sentensi. Kisha akanyamaza, na ukimya ulikuwa mbaya zaidi. Nilimkuta Fundi amesimama mlangoni mwa zizi, futi ya kupimia shingoni, anamtazama. Punda alikuwa ameuelekeza uso ukutani. Hata nyasi kavu hakuzigusa.

"Bwana mifugo anasema ndiyo dawa," nikasema.

"Nimesikia. Nyumba hii mtu mmoja wa kukaa ndani anatosha, Msomi. Wawili tutaambukizana."

Nilifanya kile ambacho watu wa aina yangu hufanya mbele ya huzuni ya mwenzao: nilitoa simu. Nikatafuta, nikapata picha za farasi wa nchi za baridi, makalio mapana yanayong'aa, wamesimama kwenye malisho kama mazulia, na kila mmoja amevalishwa kikapu mdomoni. Kikapu kina tundu chini. Farasi anakaa na wenzake, anatembea, anainama, lakini kila akibonyeza kikapu kwenye majani anapata ncha chache tu zinazopenya. Anakula kidogo siku nzima badala ya kula kingi saa moja.

Fundi aliishika simu mbali na macho. "Kwa hiyo huko farasi wanafungwa mdomo kwa sababu ya shibe?"

"Ndiyo, Fundi."

"Na wenyewe wanakubali?"

"Picha haisemi."

Akanirudishia simu. "Shika kichwa chake," akasema, akavuta futi kutoka shingoni.

Nimeona mabibi harusi wakipimwa na Fundi, na nathibitisha kwamba hakuna aliyepimwa kwa uangalifu kama Meneja. Alimpima mzunguko wa pua, chini kidogo ya mfupa wa shavu. Alimpima akiwa amefumba mdomo, akampa kipande cha muhogo, akampima akitafuna, kwa sababu mdomo unaotafuna ni mpana kuliko mdomo unaosubiri. Alipima kutoka pembe ya mdomo hadi nyuma ya masikio, na hapo Meneja akarusha kichwa, nami nikarushwa nacho.

"Masikio hataki yaguswe," nikasema kutoka chini.

"Nimeona. Pima mwili uliopo."

Kikapu cha kwanza kilikuwa kizuri, na uzuri ndio uliokiharibu. Alikishona kwa mahameli ya zambarau iliyobaki kwenye sare za kwaya, kimefuata uso kama soksi. Meneja alionekana kama askofu. Baada ya muda mfupi mahameli ilikuwa imelowa mate na pumzi, imeganda puani, na mnyama anapumua kwa nguvu. Fundi akakivua bila neno, akakifumua mshono kwa mshono. Nilisoma kwenye simu kwamba pua lazima iwe na nafasi, na midomo isiguse chini ya kikapu mnyama akiwa amesimama. Vidole vitatu vipite shavuni. "Ungesema mapema," alisema. Nilikuwa nimesema mapema, lakini sikusisitiza.

Cha pili kilikuwa kikapu cha plastiki cha sokoni, kimekatwa na kufungwa mkanda wa begi. Kilipitisha hewa vizuri, maji yalitoka, na kingo zake zikamchubua mfupa wa pua mpaka pakawa pekundu. Cha tatu, kile kilichodumu, alikisuka kwa kamba ya katani wanayofungia tumbaku kule Urambo, wavu mpana wenye umbo la kengele. Chini akaweka kipande cha mpira wa tairi, chenye tundu tulilolibishania mimi na yeye siku mbili: mimi nikisema dogo, yeye akisema dogo hilo ni la kushonea, si la kulia. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi kwa majani, mimi nilikuwa sahihi kwamba mpira ni mzito, naye akaupunguza kwa wembe mpaka ukawa mwembamba kama kandambili ya mwaka wa tatu. Kila palipogusa mfupa akazungushia flana ya zamani ya mumewe. Na kwa ajili ya masikio alifanya jambo ambalo sikuliona kwenye picha yoyote: mkanda wa kichwani ulifungukia pembeni, chini ya shavu, kwa kifungo kikubwa cha koti. Masikio hayakuguswa kabisa.

Tulimzoesha polepole, kwanza kwa muda wa kunywa chai, muhogo ukipitishwa kwenye tundu ili ajue kwamba humo ndani kuna mema. Hakujua la kufanya na majani marefu, yalijikunja chini ya mpira naye akabaki akipiga chafya. Ilibidi apelekwe ng'ambo ya reli, mahali ambapo ng'ombe walikuwa wameshapita na kuyafupisha. Huko akawakuta wenzake. Nilikuwepo siku hiyo. Punda jike mmoja mwenye sikio lililokatika alimnusa kikapu juu na chini, akaona hakuna la maana, akaendelea kula kando yake. Meneja akatoa ile sauti ya kukwaruza. Fundi akanigeuzia mgongo na kujishughulisha na kamba ambayo haikuwa na shida yoyote.

Mtaa ulisema yale ambayo ungetarajia mtaa useme. "Punda kavaa barakoa!" Mtani mstaafu wa reli alisimama kwenye pengo la uzio, mikono kiunoni. "Nyie Wanyamwezi! Zamani mlibeba mizigo ya watu hadi pwani, leo mnawashonea punda nguo?"

"Na nyie mliokaa pwani mkaila hiyo mizigo mnasemaje?" Fundi akamjibu.

"Tunasema tulishiba, na hakuna aliyetufunga mdomo!"

"Ndiyo kosa lililofanyika."

Kisha ikatokea ile asubuhi ya kisiki. Meneja, akiwa amefungwa karibu na uzio kusubiri kupelekwa, alijikuna kwenye minyaa, na mkanda ukanasa kwenye kisiki cha tawi lililokatwa. Alivuta. Kila kitu kingine duniani kingekatika. Lakini kifungo kilikuwa cha Fundi. Alipotoka na chai yake alimkuta mnyama amening'inia nusu, shingo imepinda, macho meupe, kikapu kimemziba pua. Alikata mkanda kwa mkasi wa kitambaa, ule ambao hakuna aliyeruhusiwa kukatia hata karatasi.

Nilimkuta ameketi kwenye kizingiti, kifungo kiganjani, nyuzi zake zote zikiwa nzima.

"Kwenye simu yako wanasemaje?" akauliza.

"Wanasema lazima pawe na sehemu dhaifu. Ikinasa, ikatike."

"Sehemu dhaifu." Alilitamka kama tusi ambalo hakuwahi kulisikia. Alijaribu. Alishona kifungo kwa nyuzi mbili tu, na mkono wake, bila kumuuliza, ukazungusha shina la uzi chini ya kifungo, ukafunga fundo. Tulining'iniza ndoo ya maji, haikudondoka. Alijaribu tena. Mwisho akanisukumia sindano.

"Shona wewe."

"Mimi sijui kushona, Fundi."

"Ndiyo maana nakupa."

Nikashona. Nimechapisha makala kadhaa katika maisha yangu na hakuna hata moja iliyosomwa kwa makini kama kifungo kile. Alikipindua, akakivuta kidogo, kikalegea. "Kazi mbovu," akasema kwa kuridhika ambako sikuwahi kukusikia kwake. Kwa mara ya kwanza elimu yangu yote, mikono yangu yote miwili ya kushoto, ilipata matumizi.

Kwato zikapoa. Shingo ikalainika. Bwana mifugo alipita, akazigusa, akatikisa kichwa, akasema huyu sasa ana miaka mingi mbele yake. Na kadiri Meneja alivyopona, uzio ukanyamaza. Nani asimame kumsabahi punda asiyeweza kupokea? Watu walipunguza mwendo, wakamtazama na barakoa yake, wakasema maskini, wakapita. Mwanamke mmoja aliyetoka mashineni alishindwa. Alimfungua kikapu, akamlisha pumba kiganja baada ya kiganja, na Fundi akamkuta.

"Nilimwonea huruma, Fundi. Amefungwa kama mhalifu."

Maneno aliyojibiwa siyaandiki. Hayakuwa ya mchezo wa uzio, kila aliyekuwa karibu alilijua hilo. Fundi alikuwa ameogopa, na kwake woga ulitoka ukiwa ukali, hakuwa na njia nyingine ya kuutoa. Baada ya siku hiyo wanawake wa mashineni walipita upande wa pili wa barabara. Asubuhi punda alikwenda kwa wenzake, na barazani kukabaki cherehani na aliye nyuma yake.

Nilikuwa naitwa mara kwa mara. Mtu yeyote apitaye kwangu angeletewa ujumbe: mwambie Msomi kifungo kimedondoka. Nakwenda, nashona vibaya, nanyweshwa chai, naambiwa kuhusu mgongo wangu. Kifungo kilidondoka mara nyingi kuliko visiki vyote vya Itetemia vingeweza kueleza. Siku moja nilipovuta mabaki ya uzi kutoka kwenye mkanda niliona ncha zake. Uzi uliokatika kwa kuvutwa huwa na manyoya. Hizi zilikuwa zimekatwa sawasawa, kwa mkasi mzuri. Nikavuta uzi mpya, nikashona, nikanywa chai hadi birika likaisha.

Kisha nikapata kazi Dodoma na nikahama. Nilimuaga barazani, akanipima, akasema koti la bluu linataka bitana. Sikuandika barua, sikupiga simu. Yeye hakuwa na simu na mimi nilikuwa na visingizio.

Nilirudi Tabora mwaka huu, mvua zikiwa zimeanza, kwa shughuli ya ukoo isiyohitaji maelezo. Nyumba yake ilikuwa imefungwa, cherehani haiko barazani. Mtani wake mstaafu, aliyekuwa amekaa ng'ambo ya barabara akimenya muhogo, akanielekeza kwa kisu. "Nenda malishoni. Siku hizi anashinda huko, yeye na mabosi wenzake."

Nilivuka reli. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, gauni la mtu mapajani, anapiga pindo kwa mkono. Amekuwa mdogo. Punda wa majirani walikuwa wametawanyika mbele yake, na Meneja kati yao, mwenye mvi usoni, anatembea. Anatembea vizuri, kila kwato ikikanyaga bila kuomba ruhusa.

"Shikamoo, Fundi."

Macho yakaja begani, yakashuka, yakasita.

"Marahaba. Umekonda. Dodoma hawali?"

"Wanakula, Fundi. Mimi ndiye sina hamu."

"Hamu haipimwi." Akavuta uzi. "Mchana lazima avuliwe kikapu, uso upumzike, anywe maji. Kwenda na kurudi nilichoka. Nikaona nikae. Nyumbani kuna nini?"

Nilimsogelea Meneja, nikamwinua shavu. Kikapu kilikuwa kipya, wavu mwembamba zaidi, flana nyingine. Kifungo kilining'inia kwa nyuzi mbili, kimepinda, bila shina, bila fundo. Ilikuwa kazi mbaya, mbaya kuliko yangu.

"Nani anashona kifungo?"

"Mimi."

"Si mkono ulikuwa unakataa?"

"Ulikataa. Nikaanza kushona nimefumba macho. Sasa naweza hata yakiwa wazi." Akauma uzi. "Nimejifunza kushona vibaya, Msomi. Umri huu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nilijisikia kama mtu aliyeondolewa kwenye kazi pekee aliyowahi kuiweza. Yule jike mwenye sikio lililokatika alikuja akaweka kidevu mgongoni kwa Meneja, wakasimama hivyo, hawana haraka.

"Kesho utapita?" Fundi akauliza. Hakuinua uso kwenye pindo. Katika miaka yote ile alikuwa ameagiza, amefoka, ametuma ujumbe wa vifungo. Hakuwa ameuliza.

"Kesho asubuhi napanda treni, Fundi."

"Haya."

Sindano iliingia, ikatoka, ikaingia. Nilisema Dodoma si mbali. Nilisema kuhusu likizo ya mwisho wa mwaka, nikasikia sauti yangu inazidi kuwa ya mtu anayesoma risala. Meneja alikuwa ameinama karibu yangu, anabonyeza kikapu chini, anainua, anabonyeza tena.

"Msomi."

"Naam, Fundi."

"Sogea. Umesimama kwenye majani yake."

Nikasogea.